Tangi la Samaki Walioiva

Samaki wa kwanza alikuwa ameiva.

Phyllis hakulitafuta neno hilo. Lilimjia lenyewe Jumapili mchana, alipomwinua kwa wavu na ngozi ikabaki nyuma, nyama ikafunguka vipande vipande, macho meupe kama punje za wali. Akatia mkono ndani ya tangi. Maji yalikuwa yaleyale ya siku zote, nyuzi ishirini na sita, kama kipimajoto kilivyosema.

Phyllis alikuwa na digrii ya kemia. Huko Al Wukair, Qatar, digrii hiyo ilimpatia kazi ya kufua, kupiga deki na, tangu siku Madam alipoisikia ikitajwa, kutunza tangi la maji ya chumvi lililochukua ukuta mzima wa sebule. Akafanya alivyofundishwa. Akapima chumvi, akapima amonia, akachomoa hita na kuikagua kama ina ufa. Hakukuwa na kasoro. Kesho yake, nyumba nzima imelala baada ya chakula cha mchana, akaokota wa pili.

Ndipo akaanza kupima watu.

Madam alishapata jibu lake. Samaki walikuwa wa mumewe, na mumewe angerudi kutoka Muscat Jumamosi jioni. Aliyeshinda na birika mkononi ni Proscovia, mpishi, Mganda, na wiki iliyopita Proscovia aligombezwa mbele ya wageni kwa sababu wali ulishika chini. Madam alisema, bila kupaza sauti, kwamba akifa samaki mwingine Proscovia atapanda ndege ya Entebbe kabla Bwana hajafika, na atahakikisha hakanyagi Qatar tena. Proscovia alikuwa na binti mwaka wa pili wa uuguzi huko Masaka. Hakulia. Aliendelea kukata vitunguu, akakata vingi kuliko vilivyotakiwa.

Phyllis naye, tuseme ukweli, alimshuku. Wamelala chumba kimoja miaka mitatu, wanakwenda kanisani Mesaimeer kusali pamoja kila Ijumaa, na bado alimshuku. Usiku huo akamwuliza kwa sauti ya chini.

"Prosco, niambie mimi tu. Ulimwaga maji ya moto mle?"

"Nyabo, mimi nikipika samaki naweka na ndimu." Kisha tabasamu likamtoweka usoni. "Lakini ile harufu, wewe huisikii?"

Aliisikia. Harufu ya samaki aliyechemshwa bila chumvi, na haikutoka kwenye tangi. Ilitoka chumba cha kufulia, kwenye tundu la maji la sakafuni.

Jumatano mchana Phyllis aliweka viti viwili mbele ya tangi, akamkalisha Proscovia kando yake, mikono yote minne juu ya magoti, ili ajue moja. Kwa muda kulikuwa na mngurumo wa pampu tu. Kisha samaki wote wakajibanza kwenye kona moja, wakamwacha yule wa manjano peke yake katikati, na huko nyuma, chumba cha kufulia ambako hakukuwa na mtu, kitu kikaanza kulia kidogokidogo kama mtoto aliyekwishalia sana, na juu ya kilio hicho sauti nyingine ikimbembeleza kwa maneno yasiyo ya Kiarabu wala Kiswahili wala lugha yoyote waliyowahi kuisikia, na harufu ikaja ikipanda, nzito, ikiwashika kooni, na samaki wa manjano akaanza kuwa mweupe kuanzia mkiani, polepole, kama yai kwenye kikaango, weupe ukipanda mpaka mapezini, mpaka shingoni, na mdomo wake bado unafunguka na kufungwa, akiwatazama wao, na kipimajoto kimesimama palepale, ishirini na sita.

Bembelezo likakoma.

Phyllis akaitazama mikono ya Proscovia. Ilikuwa bado magotini. Basi hakuwa yeye. Lakini ungemwambia nini Madam? Madam alimwona samaki wa tatu, akasema begi lifungwe. Ndege ilikuwa Jumamosi alfajiri.

Ijumaa hiyo hawakwenda Mesaimeer. Shamira, Mganda Mwislamu anayefanya kazi saluni mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, alikuja kumpaka Madam hina ya kumpokea mumewe, na Proscovia akamwomba apite chumba cha kufulia. Babu yake Shamira alikuwa shehe huko Iganga, wa kusomea watu wenye majini. Phyllis alijiandaa kuona macho yakifumbwa na mabega yakitikisika. Tamasha la namna hiyo amelilipia sadaka mara nyingi kwao Kisii. Shamira hakufumba chochote. Alinusa, akauliza nani humwaga maji ya moto pale.

Phyllis akaeleza, kitaalamu kabisa. Pampu ya tangi hushika ukoko wa chokaa, na ukoko hutolewa kwa siki. Kwa kawaida huipasha tu. Alhamisi ya wiki iliyopita ukoko uligoma, kwa hiyo akachemsha sufuria zima, akamaliza, akaimwaga tunduni ikitokota.

"Ukasema nini ulipomwaga?"

"Niseme nini? Kwa nani?"

"Bismillahi. Au basi hata 'nipisheni'." Shamira alisema taratibu, kama anayemwonea huruma. "Kwetu hata mtoto anajua. Maji ya moto hayamwagwi mpaka walioko chini waambiwe wasogee. Nao walikuwa na watoto, dada."

Akasema aliyemwaga akiri kwa mdomo wake, mwenye nyumba akisikia, kwa sababu lawama imebebeshwa mtu mwingine.

Madam akaja mpaka mlangoni, viganja vibichi vya hina vimeinuliwa hewani. Phyllis akapiga magoti juu ya vigae. Hakuamini, lakini aliliinamia tundu.

"Ni mimi nilimwaga," akasema. "Si Proscovia. Sikujua kuna watu. Nisameheni."

Akarudia kwa Kiingereza. Alitarajia Madam acheke. Madam aliangalia tundu, akarudi nyuma hatua mbili, kisha akamwambia Proscovia, kwa sauti ndogo sana, akafungue begi lake.

Harufu ikakatika. Shamira akalaza sikio karibu na tundu, akisoma chini kwa chini, akinyamaza, akisoma tena. Alikaa hivyo mpaka hina ya Madam ikaanza kukauka. Alipoinuka, shavu lake lilikuwa limeiva wekundu upande mmoja.

"Wamekubali?" Phyllis akauliza.

Shamira alikusanya koni zake za hina, moja moja, bila kumtazama.

"Baba yao amekusamehe," akasema. "Mama yao bado."