Jina Lililovuja

"Verlene, kuna mtoto anatapika kule koridoni. Nenda kamwangalie."

Chaki ilimkatikia mkononi. Mkuu wa shule, Bwana Haskew, alikuwa amesimama mlangoni, mikono mfukoni, na watoto wa darasa zima, wengi wao Wazungu, wamemkodolea macho mwalimu wao mweusi.

"Samahani, umeniitaje?"

"Verlene. Si ndilo jina lako?"

Lilikuwa jina lake, na hapo ndipo palipouma. Huku Alabama, Mzungu hamwiti mtu mweusi Bwana wala Bi, hata awe na mvi kichwa kizima. Humwita jina la kwanza, kama anavyomwita mtoto. Ndiyo maana baba yake alimfundisha mapema kujificha nyuma ya herufi. V. R. Tolliver, basi. Asiyelijua jina lako, atake asitake, atakuita Bi. Hata faili lake la kazi lilisema hivyo hivyo. Kanisani alikuwa Bi. Tolliver, na mchumba wake mwenyewe mbele za watu alimwita Bi. Tolliver. Jina lenyewe walilijua wazazi wake, ambao ni marehemu, na Hosea Gaines, aliyenong'onezwa siku ya kumvisha pete.

"Nani amekwambia?"

"Yule jamaa yako. Ijumaa alikuita mbele ya ofisi yangu. Jina zuri tu, mbona unalificha?"

Jioni alinyanyua simu, akampigia Hosea.

"Bi. Tolliver," Hosea alisema kwa furaha. "Nilikuwa nakuwaza."

"Haskew ananiita Verlene."

Kwenye laini ile ya simu, iliyounganisha nyumba nne, mtu wa tatu alisikika akihema.

"Bi. Eula, weka simu chini," alisema Verlene.

"Mimi nasubiri tu kumpigia daktari wangu."

"Daktari wako tulimzika mwaka juzi."

Bi. Eula, jirani wa ng'ambo ya barabara, aliiweka. Au alijifanya kuiweka.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Verlene aliendelea. "Sikujua nimekuvaa wewe."

"Nisikilize. Ulisahau chakula, nikakuletea. Nikakuona kupitia dirisha la chumba cha walimu. Wao wamejazana upande mmoja wa meza, wewe peke yako kule mwisho, unatafuna mkate kama unameza dawa. Sikumwona Haskew. Sikumwona mtu. Nilikuona wewe tu, jina likanitoka."

"Unajua nilikuwa nafanya nini pale mezani? Nilikuwa najiambia, yupo mtu mmoja mji huu anayejua mimi nani. Hicho ndicho kilichokuwa kinanishibisha. Na hicho umekwenda kuwagawia."

"Nisamehe, mpenzi."

"Harusi tuiache kwanza, Hosea."

Mahakama ilikuwa imeamuru watoto weusi na wa Kizungu wasome pamoja. Wakubwa wa elimu wakaifunga shule ya weusi, wakamchukua Verlene mmoja ili ionekane wametii, na Hosea, mwalimu wa hesabu ambaye watu walikuwa wakimpisha njia, akaishia kiwanda cha mbao. Ukiniuliza mimi, ule haukuwa utii. Kanisani nako wapo waliomnong'ona Verlene kwamba amehamia kwa Wazungu, na benchi lake likawa na nafasi tele. Basi huku hana watu, na kule hana watu.

Pete akaitia kwenye kopo la sukari. Shuleni jina likasambaa kama mafua. Verlene, leta kiti. Verlene, dirisha. Mwenye duka naye akalidaka. Ikafika mahali akiitwa anachelewa kugeuka, kama wanamwita mtu mwingine.

Hosea hakupiga simu tena. Lakini kila jioni, akitoka kiwandani na unga wa mbao nyweleni, alisimama ng'ambo ya geti la shule, akavua kofia, akapaza sauti mbele ya wazazi wote wa Kizungu:

"Habari za jioni, Bi. Tolliver."

Haskew alicheka. Verlene alipita bila kujibu, shingo imenyooka. Asingekubali kusema, lakini alikuwa akiisubiri salamu ile tangu asubuhi.

Kisha jioni moja getini hapakuwa na mtu. Kesho yake pia hapakuwa na mtu. Alifika nyumbani, hata koti hakuvua, akanyanyua simu.

"Uko wapi?"

"Nyumbani. Kiwandani wamenifukuza. Wanasema naleta fujo getini."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungedhani nakutafutia huruma."

Verlene alikaa chini sakafuni, simu sikioni.

"Hosea, niite."

"Bi. Tolliver."

"Hapana. Lile jingine."

"Nililiharibu mimi mwenyewe. Sina haki nalo tena."

"Siku nzima linaitwa na watu wasionijua. Nalisikia kama jina la marehemu. Ninaogopa, Hosea. Nimechoka kuwa peke yangu nalo. Nataka nilisikie kwako, nijue kama bado ni langu."

"Mwite basi, mwanangu," ilisema sauti ya tatu. "Mkate wangu wa mahindi unaungua na siwezi kuondoka hapa."

"Bi. Eula," wakasema wote wawili.

"Si kwenye simu," Hosea akasema. "Lilivuja mara moja, yatosha. Nakuja."

Verlene alimwaga sukari mezani, akaichukua pete, akaipangusa kwa pindo la gauni. Ng'ambo ya barabara pazia la Bi. Eula lilitikisika. Hosea alipofika alivua kofia, akaangalia barabara kushoto na kulia kama mwizi, kisha akainama mpaka midomo ikagusa sikio la Verlene, akalisema.

Asubuhi Haskew angemwita tena, na meza ile ndefu ingekuwa pale pale. Alilijua hilo. Alilia hata hivyo, uso kwenye shati lenye harufu ya msonobari.

"Tena," alisema.