Kisanduku cha Kanada

Kwi! Kwi! Kwi! Sauti ilitoka sebuleni, kali kama ya panya aliyebanwa na mlango. Shangazi, ambaye ndiyo kwanza arudi kutoka zamu yake ya uuguzi, akachungulia. Alikuwa ni binti wa kaka yake, amelala kifudifudi, anachora jedwali kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila.

Shuleni walimwita Kamusi, kwa kuwa hakuna swali lililomshinda. Kesho yake angesimama mbele ya shule nzima kueleza jinsi nchi tajiri zinavyotibu watu wake.

"Shikamoo, Shangazi! Tazama. Uingereza, hospitali huendeshwa kwa kodi. Ujerumani, mfanyakazi na mwajiri wote huchangia bima. Fikiria mamilioni ya watu wakibebana hivyo!"

"Marahaba, mwanangu. Umenikosha! Na hii safu ya kusubiri upasuaji wa nyonga, wapi wanasubiri zaidi?"

"Kanada. Siku mia mbili."

"Umezitoa wapi?"

Kamusi akakifunika kisanduku cha Kanada kwa kiganja. Kitabu cha maktaba hakikuwa na idadi hiyo.

"Nimekisia," akanong'ona. "Kisanduku kilibaki kitupu, Shangazi. Wangenicheka."

Shangazi hakufoka. Alivua viatu, akaketi sakafuni.

"Mwaka wangu wa kwanza wodini, nilizidiwa na kazi. Nikajaza joto la mzee mmoja kwenye chati bila kumpima. Daktari akaiamini kalamu yangu, akampita. Kumbe mzee anaungua kwa homa! Alipona, lakini chupuchupu. Tangu hapo, nisipopima naandika 'haijapimwa'. Hao wa nchi unazozisifu, wangejuaje wagonjwa wanapoumia kama kila muuguzi angebuni?"

Kamusi alilitazama jedwali lake maridadi. Wino ule haukufutika. Akakata kipande cha karatasi, akakibandika juu ya ile idadi, akaandika: *Sijapata*. Kiraka kikaonekana kama kidonda puani.

Kesho yake alieleza kwa moto hadi wadogo wa mbele wakasahau kusukumana. Ndipo Domo, mpinzani wake wa darasani, akapaza sauti:

"Jamani, Kamusi imechanika ukurasa!"

Shule nzima ikaangua kicheko. Masikio ya Kamusi yakawaka.

"Ni kweli," akasema. "Mwanzo niliandika idadi ya kubuni, nikaifunika. Sijui Kanada husubiri siku ngapi, na siwezi kuiweka nchi hiyo ya mwisho kwa kukisia."

Kicheko kikakatika. Mwalimu mkuu akasimama polepole.

"Wanangu, kiraka hiki ndicho kinachonifanya niziamini namba nyingine zote. Asiyeona haya kusema 'sijui' ndiye wa kuaminiwa anaposema 'najua'. Hata hospitali bora hujengwa na watu wa namna hiyo."

Kamusi akamgeukia Domo.

"Nitaitafuta. Ijumaa nitakuletea idadi na kitabu nilimoitoa. Na nikiikosa, nakuahidi mbele ya wote hawa, nitakuja kukwambia nimeikosa."