Nukta ya Kijani ya Rwamgasa

"Kunguru, ndege inatua saa tisa. Usimguse bila ushahidi. Ni mgeni wa serikali."

Redio ikakatika.

Bernadina Jilala aliirudisha ndani ya ndoo ya unga, akachomeka bastola yake ya Browning chini ya khanga. Mwaka huo wa 1976, wachimbaji wa Rwamgasa walimjua kama muuza vitumbua. Kwenye ofisi ya usalama Dar es Salaam walimwita Kunguru.

Bernadina alimtilia shaka mtu mmoja: Daktari Brandel.

Mtaalamu wa kigeni, karatasi safi, Land Rover mpya. Mashine yake ilikuwa na kioo cha duara chenye nukta ya kijani. Weka jiwe mbele yake: nukta ikicheza, kuna dhahabu. Ikitulia, hakuna kitu.

Tangu afike, ilikuwa inatulia tu. Mawe "matupu" yalijazwa kwenye magunia, eti yakapimwe zaidi Ulaya.

Nani hupakia mawe matupu kwenye ndege?

Kwenye foleni ya kupimisha mawe Bernadina alimkuta Damian, mchimbaji, macho mekundu.

"Mayu, mama yangu, msimu mzima shimoni! Mke wangu Salvina yuko wodini Geita, na huyu anasema jiwe langu ni la kujengea choo."

"Si ungelisaga kwanza, ulioshe kwenye karai?"

"Karai? Watu watanicheka. Nani abishane na umeme?"

Bernadina akasogea mezani.

"Shikamoo, daktari. Watu wanasema hiyo ni tochi tu."

Foleni ikaangua kicheko, hata mgambo waliolinda magunia. Brandel naye alicheka.

"Marahaba. Humu ndani, mama, chembe za umeme zinakimbia kuliko risasi. Sumaku pekee huzipinda." Akampa kipande cha sumaku. "Jaribu."

Haraka mno. Kama mtu aliyengoja kuulizwa.

Bernadina aliiweka kuume kwa kioo. Nukta ikaenda kuume.

"Eeeh!" watu wakashangaa.

Akaigeuza sumaku, ncha ya pili mbele.

Nukta ikaenda kuume tena.

Bernadina alilikumbuka somo la fizikia. Chembe yenye umeme haivutwi na sumaku. Ikipita karibu nayo husukumwa pembeni, kwa pembe mraba na njia yake. Sumaku ikiwa kuume, nukta ipande au ishuke. Ukiigeuza, iende kinyume.

Kinachoifuata sumaku kwa ncha zote mbili ni chuma.

"Daktari," alisema polepole, "chembe zako zinashika kutu?"

Tabasamu likamkauka Brandel. Mkono wake ukazama chini ya meza.

Bernadina akaipiga meza teke.

Mashine ikaanguka, mgongo ukapasuka. Balbu ya tochi ikaning'inia kwenye uzi, imefungwa kwenye msumari.

Bastola ya Brandel ilitoka. Browning ilikuwa imeshatoka.

"Dondosha."

Ikadondoka mavumbini.

"Mgambo! Kwa amri ya serikali, mfungeni. Gunia hata moja lisipande ndege."

Damian hakungoja kuambiwa. Alivuta jiwe lake kutoka kwenye gunia, akaliponda kwenye kinu cha chuma hadi likawa unga, akauosha kwenye karai. Tope likatiririka. Chini ukabaki mstari mwembamba wa njano.

Alipiga magoti.

"Mayu! Wewe ni nani hasa?"

Bernadina alijitwika ndoo yake.

"Kimbia Geita," alisema. "Salvina anakungoja."

Akashika njia ya Masumbwe, bila kugeuka, ndege ikinguruma juu bila mzigo wa kuchukua.