Pampu ya Tatu

"Maharage yameiva," sauti ilisema kwenye simu. "Pakua."

"Napakua," Rahabu alijibu, akakata.

Aliirudisha simu mfukoni, akaendelea kufuta kioo cha gari la mwalimu mmoja aliyekuja kujaza mafuta. Kofia nyekundu kichwani, sare ya bluu mwilini, jina ANGEL limeshonwa kifuani. Lushoto nzima ilimjua kama Angel wa sheli, dada mpole anayewaamkia hata wateja wanaomkaripia.

Chini ya sare hiyo kulikuwa na bastola, Glock 19. Kalamu iliyochomekwa mfukoni haikuwahi kuandika hata herufi moja. Ilikuwa redio.

Na upole ule ulikuwa uongo mtupu.

Mtu ambaye Rahabu alimfuata mpaka huku alitoka ghalani akiwa amebeba dumu la njano. Clemence, mwenye kituo, mwenye Canter nyeupe iliyosheheni kabichi, mwenye kiti cha mbele kwenye kila harambee. Alilipakata dumu lile kama mtoto mchanga. Alilichimbia katikati ya kabichi, akalifunika, akaangaza macho huku na huku.

Rahabu alifuta kioo.

Ndani ya dumu kulikuwa na vinasaba, ile kemikali inayotiwa kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi ili wakaguzi wayatambue. Matone machache hutosha tangi zima. Dumu lote likifika mikononi mwa mnunuzi, raia wa kigeni aliyejiita Lukas, mafuta machafu ya nchi nzima yangepita mbele ya wakaguzi yakiwa na sura ya mafuta safi. Madereva wangeyanunua. Injini zingewafia milimani.

Rahabu alimjua mmoja aliyekwisha kufa.

Kristian, mdogo wake, tumbo moja. Alikuwa akiwarudisha kina mama wa Shume kutoka sokoni kwa Fuso lake, mbolea chini, abiria juu. Alijaza dizeli hapa hapa, pampu ya tatu. Kwenye mwinuko wa Magamba injini ilizima, breki zikakosa nguvu, gari likaanza kurudi nyuma. Utingo wake alikuwa anawashusha kina mama, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuweka gogo nyuma ya gurudumu. Kristian alibaki na mguu kwenye pedeli mpaka mama wa mwisho aliporuka. Kisha korongo likamchukua.

Rahabu alikuwa nje ya nchi kikazi. Hakumzika. Aliporudi hakulia pia. Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wake kuomba kazi ya Lushoto. Chuki ilikuwa imemkaa kooni, na haikutaka maji wala dawa. Ilimtaka Clemence.

"Angel," Clemence aliita. "Umeshajaza Canter?"

"Bado, bosi. Nilikuwa nakusubiri upime mwenyewe."

Mzee huyu hakuwahi kujaza gari lake kwenye pampu zake. Mpika sumu haonji. Alikuwa na pipa lake la dizeli safi nyuma ya ghala, limefungwa kufuli, na ufunguo aliuvaa shingoni. Hata pipa hilo hakuliamini sana. Kila mara alichovya vidole akavisugua, kama afanyavyo dereva yeyote wa milimani. Dizeli hukaa kwenye ngozi ikiteleza. Petroli hukauka upesi na kuacha ubaridi.

Hapo ndipo ulipolala ujanja wake. Dizeli ya pampu ya tatu aliichakachua kwa petroli ya wizi na mafuta ya taa, kisha akatia oili chakavu iliyochujwa, kiasi tu cha kuufanya mchanganyiko uteleze kidoleni. Madereva waligusa, wakaridhika, wakalipa. Siku moja, bia zikiwa zimemkolea, alimnong'oneza Angel kwamba hajazaliwa mtu wa kuukamata mchanganyiko ule kwa kidole.

Angel alicheka. Rahabu alilihifadhi neno.

Jana mchana, Clemence alipokwenda harusini Vuga, Rahabu alifungua kufuli kwa ufunguo malaya. Aliinyonya dizeli safi yote kwa mpira. Akalijaza pipa kwa mafuta ya pampu ya tatu.

Sasa Clemence alichovya vidole. Alivisugua. Alivinusa. Alivisugua tena, taratibu, macho ameyafumba.

Mkono wa Rahabu ulikuwa umekaribia bastola.

"Safi," Clemence alisema. "Hii ndiyo dizeli. Jaza."

Rahabu alijaza tangi mpaka shingoni.

"Utingo yuko wapi, bosi? Utapanda Magamba na mzigo huu bila mtu wa gogo?"

"Safari ya leo haitaki macho ya watu. Wewe chunga pampu."

"Sawa, bosi. Safari njema."

Alilisema hilo akitabasamu, na moyoni akamwombea kila baya analolijua.

Canter ilipopinda kona, kofia nyekundu ilitupwa chini. Nyuma ya choo cha kituo pikipiki yake, Honda XL, ilikuwa inasubiri. Rahabu aliipiga kiki moja, akaingia barabarani akiwa bado na sare ya bluu. Ukungu ulikuwa mzito, na aliushukuru.

"Sahani imeondoka," aliiambia kalamu. "Inapanda Magamba kuelekea Shume."

"Nimekupata." Sauti ilikuwa ya Stephano, mkuu wake, aliyejibanza mjini na Land Cruiser. "Timu iko Shume, lakini Shume ni kubwa. Hatujui mnunuzi yuko wapi. Mfuate mpaka amkabidhi dumu."

"Hatafika."

"Umesemaje?"

"Gari lake lina homa."

"Rahabu, umefanya nini?"

"Nimemjazia mafuta."

"Sikiliza. Wenzangu walinikataza kukupa kazi hii. Niliwabishia. Namtaka hai, bila yeye Lukas anatuponyoka. Umenielewa?"

Rahabu aliongeza mwendo.

Mbele yake Canter ilianza vizuri. Dizeli safi iliyobaki kwenye mabomba iliifikisha mwanzo wa mwinuko. Kisha gari likaanza kunywa yale mapya. Na injini ya dizeli ina kasoro moja tu ya tabia: hulainishwa na mafuta yake yenyewe. Ukiinywesha petroli, chuma kinasugua chuma.

Moshi mweupe ulitoka. Ukafuata mlio wa kugonga, ko-ko-ko, kama mtu anayetwanga kinu kitupu. Clemence alikanyaga mafuta. Gari likakohoa. Akarudisha gia ili apate nguvu, na hapo hapo, gia ikiwa haijaingia, injini ikazima.

Canter ilisimama. Ikaanza kurudi.

Rahabu aliilaza pikipiki mtaroni. Akachagua jiwe pembezoni mwa barabara, kubwa la kutosha kubebwa kwa mikono miwili, akatembea nalo mpaka lilipo gurudumu la nyuma. Hakukimbia.

Clemence alimwona kwenye kioo cha pembeni. Uso wake ulichangamka.

"Angel! Mungu amekuleta. Weka jiwe, mama, weka jiwe!"

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba! Weka jiwe!"

Rahabu alilipakata jiwe, akamtazama vizuri. Miguu yote miwili ilikuwa kwenye pedeli ya breki, ambayo bila injini ilikuwa ngumu kukanyagika. Mikono yote miwili ilivuta breki ya mkono. Bastola yake ilikuwa juu ya dashibodi, mbele ya pua yake, na hakuthubutu kuishika. Akiachia chochote, hata kutafuta gia, gari linakwenda. Nyuma, barabara ilikata kona, na baada ya kona hakukuwa na kitu isipokuwa ukungu na vilele vya miti.

"Lukas yuko wapi?" Rahabu aliuliza.

Macho ya Clemence yalibadilika. Sasa alielewa nani alikuwa akimfutia vioo miezi yote hii.

"Simjui Lukas."

Gurudumu lilirudi shubiri moja. Rahabu alirudi nalo.

"Weka jiwe kwanza!"

"Jibu kwanza."

Shubiri nyingine. Kabichi moja ilidondoka, ikabingirika, ikapotelea konani.

"Kiwanda cha mbao!" Clemence alipiga kelele. "Kile kilichofungwa, Shume! Prado ya kijivu. Yuko peke yake. Sasa weka!"

"Timu ya Shume, mmesikia?" Stephano aliuliza redioni.

"Tumesikia, mkuu. Tunakwenda."

"Rahabu, inatosha. Weka jiwe."

Hakuliweka.

"Pampu ya tatu inauza nini, bosi?"

"Dizeli."

"Dizeli na nini?"

Mguu wa Clemence ulikuwa umeanza kutetemeka. "Na petroli. Na mafuta ya taa. Na oili, ili wasijue. Kila mtu anafanya, mama, siko peke yangu."

"Nani alikufa kwenye mlima huu?"

"Ajali ni mipango ya Mungu."

"Nimeuliza jina."

"Kijana mmoja. Mwenye Fuso. Mimi jina nitalijulia wapi?"

Rahabu alikuwa ameamini kwamba mtu huyu hulala nalo lile jina, kwamba linamtafuna walau kidogo. Kumbe hakulibeba hata hatua moja. Alilisahau kama mtu anavyosahau chenji.

Aliliweka jiwe kando ya barabara. Akalikalia.

"Angel," Clemence alisema. "Angel, tafadhali."

"Rahabu!" redio iliita. "Rahabu, hiyo ni amri!"

Canter ilirudi. Matairi yalisaga kokoto, taratibu, mpaka gurudumu la nyuma likafika kwenye ukingo na udongo ukaanza kumeguka chini yake. Clemence alikuwa analia sasa, makamasi yamechanganyika na jasho, miguu inatetemeka mpaka magotini.

Mguu wa Kristian ulitetemeka hivi hivi, Rahabu aliwaza, na yeye aliubana kwa ajili ya watoto wa watu. Alitamani kukaa pale pale, achezeshe vidole tu, korongo lifanye kazi yake. Aliitamani raha hiyo kwa mwili wake wote.

Lakini korongo lingemmaliza mara moja. Rahabu hakutaka amalizike mara moja.

Aliinuka na jiwe lake.

"Anaitwa Kristian Shemhilu. Sema."

"Kristian Shemhilu."

"Mimi ni dada yake. Sema kwa sauti, wanakusikia redioni."

"Kristian Shemhilu!" Clemence alilia. "Nilimuua! Mafuta yangu yalimuua! Kristian Shemhilu!"

Rahabu alilisukuma jiwe chini ya gurudumu. Chuma kilinung'unika, gari likatikisika, likatulia.

Alifungua mlango, akachukua bastola ya dashibodi, akamshusha Clemence kwa ukosi wa shati na kumtia pingu. Clemence alikaa chini kwenye lami, akaviangalia vidole vyake.

"Niliipima," alisema. "Niliipima kwa mkono wangu."

"Ndiyo. Ni mchanganyiko mzuri."

Rahabu alipanda juu ya mzigo, akalifukua dumu la njano, akaliweka barabarani. Land Cruiser ya Stephano ilitokea ukunguni wakati redio inaongea: Prado ya kijivu imezingirwa, Lukas amelala kifudifudi, hakuna risasi iliyopigwa.

Stephano alishuka. Alilitazama jiwe, akautazama ukingo uliomeguka.

"Ungemwacha aende?"

"Nilitaka sana," Rahabu alisema.

Alisogea pembeni, akapiga simu nyumbani.

"Onga mshi, mama," alimwamkia kwa Kisambaa. "Ni mimi. Nimempata aliyemuua Kristian. Haikuwa ajali. Ni Clemence wa sheli."

"Clemence?" mama yake aliuliza. "Alikuja msibani na gunia la mchele. Mwanangu, nilimpigia magoti kumshukuru. Mbele ya watu wote."

Rahabu hakuwa na habari hiyo. Alimwomba mama asikate simu.

Kisha alirudi mpaka aliposhikiliwa Clemence na askari wawili waliokuja na Stephano.

"Piga magoti."

Clemence alimtazama Stephano. Stephano alikuwa mtu wa sheria sana. Aligeuka akaanza kuzikagua kabichi.

Clemence alipiga magoti kwenye lami yenye unyevu. Rahabu alimwekea simu sikioni.

"Ongea na mama yangu."

Hakusikiliza waliyoongea. Aliona tu uso wa mzee yule ukishuka, ukishuka, mpaka kidevu kikagusa kifua, na midomo ikirudia ndiyo mama, ndiyo mama. Mama alizungumza naye kwa muda aliotaka mwenyewe. Alipomaliza alikata, na Clemence akabaki pale pale chini bila mtu kumwambia ainuke.

Rahabu alichukua simu yake, akaifuta kwa sare ya bluu. Kisha akaivua sare yenyewe, akaitupia juu ya kabichi. Akaiinua Honda kutoka mtaroni na kupanda nayo kuelekea nyumbani kwao Shume.