Jeneza la Mwenda

SAA KUMI NA MBILI ASUBUHI

Kailemia alilaza jeneza juu ya meza ya kukatia nyama. Walikuwa chumba cha nyuma cha bucha yake, mtaa wa Majimbo, Embu.

"Kambi ya mkandarasi wa barabara," akasema. "Mashine za kupimia ardhi, masanduku sita. Saa moja walinzi wanabadilishana zamu. Runji anakata kufuli, Mutwiri anabeba. Mnunuzi ako Timau. Tunapanda kama watu wa matanga."

"Tukiulizwa marehemu ni nani?" Runji akauliza.

"Mzee fulani."

Mutwiri alikuwa akijaribu skrubu za kifuniko. Tangu Aprili alikula bila njaa na kulala bila kupumzika. Aprili ndipo, wakitoroka wizi mwingine, walipomwacha kaka yake Mwenda ndani ya shamba la kahawa, risasi tumboni, na Kailemia akasema gari halingoji mtu. Mwenda alizikwa na serikali bila jina.

Mama yao, huko juu kabla ya kufika Timau, hakujua. Mutwiri alitembea na simu ya Mwenda mfuko wa ndani wa koti, na kila Jumapili alimwandikia mama kwa laini hiyo: niko sawa, spika imeharibika, siwezi kuongea. Mama alijibu kwa maombi marefu. Mutwiri hakuwa na kingine cha kulinda duniani. Mama asijue, basi.

SAA MOJA NA DAKIKA KUMI

Wizi ulikuwa rahisi mpaka ukachosha. Mlinzi wa usiku alishaenda zake. Wa mchana walimfunga kwa kamba ya mbuzi, wakampa maji kwanza.

SAA TATU

Runyenjes, Chuka, Nkubu. Vitambaa vyekundu vya msiba vilipepea kwenye vioo vya gari. Kila soko watu walivua kofia. Polisi wa kizuizi aliwapungia mkono wapite.

SAA NNE NA NUSU

Kinoru kulikuwa na foleni. Sasa, mtu wa huku haachi maiti ipite bila kujua ni ya nani, na Kailemia, pamoja na ujanja wake wote, hilo hakulipigia hesabu. Mwanamke wa ndizi akasogea dirishani. Alikuwa Gladwell, wa kanisa moja na mama yake Mutwiri.

"Mutwiri? Wewe ndiye umekaa na maiti?" Akatazama jeneza. "Usiniambie ni Mwenda."

Kailemia akamkanyaga Mutwiri mguu. Mzee fulani, mguu ulisema. Lakini Mutwiri alikuwa amechoka, na jina lilikuwa pale mdomoni miezi yote hiyo.

"Ni Mwenda," akasema.

Gladwell akashika kichwa. Foleni ikasonga.

"Umefanya nini?" Kailemia akauliza.

"Sijui."

SAA TANO

Simu ya Mwenda ikaanza kutetemeka kifuani mwa Mutwiri. Mama. Ikakoma, ikaanza tena. Alitaka kuizima, mkono ukakataa. Alihesabu mara saba.

SAA TANO NA NUSU

Kijiji kizima kilikuwa juu ya lami. Habari ilikuwa imepanda haraka kuliko gari. Turubai lilishafungwa, kuni zilishapasuliwa, na wanaume wa boda walikuwa wameegesha pikipiki toka ukingo hadi ukingo.

"Pita katikati yao," Runji akasema kutoka nyuma.

Mama Mwenda akasimama mbele ya boneti, leso imemteleza. Kailemia akazima injini.

Wanaume wakateremsha jeneza, wakaguna kwa uzito. Kitu ndani kikagonga, chuma kwa chuma.

"Fungueni," mama akasema. "Nataka kuona uso wake."

Runji alishatoroka, anakimbia katikati ya shamba la ngano. Wazee wakafungua skrubu. Ndani kulikuwa na masanduku ya manjano, sita, na jina la mkandarasi.

Mama Mwenda akachungulia muda mrefu.

"Si yeye," akasema. "Jamani, si yeye. Mtoto wangu ako hai."

Akina mama wakaanza kuimba na machozi yao bado mashavuni. Chifu akapigia polisi.

"Mimi nimekodishwa tu," Kailemia akamwambia chifu. "Muulize huyo."

Mama hakumsikia. Alimkumbatia Mutwiri kwa mkono mmoja, wa pili umeshika simu.

"Wewe ni mwizi, hiyo tutaongea," akamwambia sikioni. "Wacha kwanza nimpigie ndugu yako tena. Leo atapokea, hata kama spika ni mbovu."

Kati ya kifua chake na cha mama, kitu kikatetemeka.

"Unapigiwa simu," mama akasema. "Pokea."

Mutwiri akabana koti. Mama akatia mkono ndani, akaitoa simu. Aliijua, aliinunua mwenyewe kwa pesa za viazi. Kwenye kioo kilichopasuka paliandikwa Mama.

Akakata simu yake. Ile nyingine ikanyamaza. Akapiga tena, polepole, akaitazama ikitetemeka kiganjani.

Nyuma yao watu waliendelea kuimba.

"Tangu lini?" akauliza.

"Aprili," Mutwiri akasema.