Mwitikiaji wa Mlima

Jua lilikuwa limeshaegemea upande wa Kamatanda, nje kidogo ya mji wa Likasi, pale Clotilde alipopanda gari la Kassim, blanketi kwapani, dawa za baba mkwe ndani ya mfuko wa plastiki. Safari haikuwa yake. Georges, mumewe, ndiye aliyepaswa kwenda kijijini kwao, ila alisema kiwandani wamembadilishia zamu.

"Mupelekee tu," alimwambia huku akifunga kamba za viatu, bila kumtazama. "Mzee anakuulizia weye. Kila siku anasema, ule mwenye sauti iko wapi."

Clotilde alitabasamu. Sauti yake ilijulikana. Parokiani yeye ndiye aliyeongoza kwaya, na waliokosa nafasi ndani ya kanisa walimtambua hata wakiwa nje, uani. Alimwacha binti yao Julie kwa jirani, akaondoka.

Kassim alikuwa mchuuzi wa mkaa, mtu wa maneno machache, aliyekuwa akipanda mlimani kupakia magunia. Walipita vilima vilivyoungua kwa moto wa kiangazi. Majivu yakaingia dirishani. Kila walipokata kona, ziwa Tshangalele lilionekana kule chini, jeupe, limetulia kama bati jipya. Kisha barabara ikageukia ndani ya mlima na ziwa likapotea.

Hapo ndipo waliposikia ngoma.

"Kuko matanga?" Clotilde aliuliza. "Mzee amekufa?"

Kassim alizima redio. Akasikiliza.

"Hapana matanga ile," alisema. "Ni ngoma ya mulima. Minye nitakungojea hapa, Mama Julie. Mule siingiake."

Clotilde akapanda kwa miguu.

Kijiji kizima kilikuwa uwanjani. Vijana walikuwa wakizipasha ngoma moto ili ngozi zikaze, na moshi ulinukia mafuta na manyoya. Mzee Mathieu, baba yake Georges, alilazwa kwenye mkeka pembeni, amegeuziwa uso kwenye jabali. Alikuwa amekonda hata mbavu zikahesabika. Tangu mvua za mwaka uliopita alikuwa hivyo, haponi wala hafi. Clotilde alipoinama kumfunika blanketi, harufu ikampiga. Haikuwa harufu ya ugonjwa. Ilikuwa ya udongo wa shimo refu, ya mawe mabichi yenye shaba.

Mama mkwe, Orpha, alizipokea zile dawa na kuziweka chini bila kuzitazama.

"Asante kwa kukuya, mutoto yangu," alisema kwa upole. "Ikala chini. Angalia namna tunachezaka."

Na kweli walicheza. Wanaume mstari mmoja, wanawake mwingine, mabega yakitetemeka kama maji yanayotaka kuchemka, njuga zikilia miguuni. Ngoma ndogo zilikimbia. Ngoma kubwa, gogo lililochongwa mdomo mrefu, lilipigwa pole pole, na kila pigo Clotilde alilisikia kwenye meno kabla ya kulisikia masikioni. Kikongwe mmoja aliita kwa sauti kavu, na wanawake wote wakaitikia. Maneno yalikuwa ya Kisanga cha zamani, lugha ya wenyeji wa mlima, hakuyaelewa. Lakini mwitikio ulikuwa mfupi, unapanda, unakatika, unashuka. Haukupita muda akawa ameushika, na mguu wake ulikuwa ukigonga vumbi peke yake. Alisahau dawa. Alisahau kwamba Kassim anamngoja. Kwa miaka yote ya kwaya hakuwahi kusikia watu wakiimba wakiwa kitu kimoja namna ile.

Jua likazama.

Kikongwe akanyamaza. Ngoma ndogo zikanyamaza. Likabaki gogo tu... pigo... pigo...

Kisha ile sauti ya kuita ikaja tena. Haikutoka uwanjani. Ilitoka juu, kwenye jabali, mahali pasipokuwa na mtu wala njia. Sauti nene, ya taratibu, kama ya mtu anayeimba akiwa na mawe kifuani.

Iliita mara moja. Ikaacha nafasi.

Hakuna aliyeitikia.

Clotilde aliwatazama wanawake. Wote walikuwa wameinamisha vichwa, wameshika midomo kwa mikono. Orpha peke yake ndiye aliyeinua uso. Alikuwa akimtazama yeye.

Sauti ikaita tena. Nafasi ikabaki wazi. Mtu aliyezoea kuongoza kwaya haachi nafasi kama ile. Hakuamua. Pumzi ilijaa yenyewe, mdomo ukafunguka wenyewe.

Akaitikia.

Sauti yake ilipanda, ikakatika, ikashuka. Ilikuwa nzuri kuliko siku zote. Ikagonga jabali... lakini haikurudi. Aliingoja kama mtu anayengoja jiwe alilotupa kisimani. Kimya. Na kooni mwake akahisi kitu kikivutwa, chembamba, kirefu, kama uzi unaotolewa kwenye kitambaa.

Nyuma yake, juu ya mkeka, mzee Mathieu akapumua kwa nguvu, mara ya mwisho.

Wanawake wakaanza kulia. Kilio chao kilikuwa na raha ndani yake. Orpha akapiga magoti, akamshika Clotilde mikono yote miwili, akaibusu.

Clotilde alishuka mbio gizani, akijikwaa. Kassim alimwona. Aliwasha gari.

Jumapili, parokiani, Clotilde alisimama mbele ya kwaya. Aliinua mkono, akafungua mdomo. Hewa ilitoka. Hewa tupu. Kuzungumza aliweza, kukemea aliweza, lakini kila alipotaka kuimba hakikutoka kitu. Daktari alimwangalia koo kwa tochi, akasema halina kidonda.

Orpha aliposhuka Likasi kumaliza mambo ya matanga, Clotilde alijifungia naye jikoni.

"Mulinifanya nini, Mama?"

Orpha aliketi kwenye kigoda. Kisha akanong'ona, "Mulima inaulizaka: nani anabakia na minye? Mwenye kuitikia anasema: ni minye. Baba ya Georges aliitikia wakati akingali kijana. Kama hakuna mwengine wa kushika nafasi yake, hawezi kufa. Anaoza tu, anapumua. Uliona mwenyewe."

"Juu ya nini minye? Mabinti yenu banajua kuimba."

"Georges njo alitaja jina yako."

Georges alikuwa sebuleni. Alisikia kila neno. Clotilde alipotoka na kumtazama, yeye aliendelea kuukagua mkono wake wa kushoto, kucha moja baada ya nyingine. "Alikuwa baba yangu," alisema mwishowe. Tangu siku hiyo Clotilde alilala chumba kimoja na Julie.

Halafu Kassim akaja. Alisimama mlangoni na gunia la mkaa begani, hakulitua.

"Mama Julie, nilitoka kule juzi. Machofa yote banasimamishaka gari pale kwenye kona. Kuko mwanamuke anaimba mu jabali, saa jua inaingia. Anaimba nyimbo za Misa." Akalihamishia gunia bega jingine. "Ni sauti yako."

Clotilde akashika fremu ya mlango.

"Mbele alikuwa anaimba tu," Kassim akaendelea, sauti ikishuka. "Sasa anaita jina. Moja tu."

"Jina gani?"

Kassim aliangalia uani, mahali Julie alipokuwa akicheza na wenzake.

Hawakulala Likasi. Mchana huo huo Clotilde alifunga nguo kwenye kitenge, akamshika mtoto mkono, wakapanda basi la Lubumbashi, kwa dada yake. Hakumuaga Georges. Basi lilichelewa kutoka, na walipouacha mji nyuma jua lilikuwa jekundu dirishani. Abiria walisinzia. Clotilde alianza kupumua vizuri.

Julie alikuwa amepiga magoti kitini, anatazama kupitia kioo cha nyuma, kule walikotoka. Akageuka, uso umejaa mshangao.

"Mama, juu ya nini unaniita toka kule nyuma, na weye uko hapa?"

Clotilde alimrukia, akamziba mdomo kwa mkono.

Chini ya kiganja chake, midomo ya mtoto ilikuwa imeshaanza kutikisika, kuitikia.