Patenti ya Kishika Sufuria

Ilikuwa Jumapili ya Machi 1995, kule Weston, Kanada, na Donatienne alikuwa akisonga ugali. Zamani sufuria yake nyepesi ilimchezesha ngoma, ikizunguka juu ya jiko la umeme mpaka mkono unamuuma. Siku hizi ilitulia tuli. Aliibana kwa chuma alichokibuni mwenyewe, chenye miguu miwili na kibanio cha kupindua.

Jirani yake Roshan, mzaliwa wa Tanga, alikuja kuonja, akaishia kukichungulia kile chuma. Alikuwa karani katika ofisi ya mawakala wa patenti, zile hati za kulinda ubunifu, kule Don Mills.

"Mama Joyeuse," aliuliza, akimwita kwa jina la mwanawe, "hiki mmekiombea patenti?"

Onesphore, mumewe Donatienne, akatoa karatasi kabatini kwa madaha.

"Tuko na mashahidi. Pasaka ya mwaka jana nilikionyesha kanisani. Wazee kumi na mmoja walitia sahihi kwamba ni changu. Kwetu Bukavu shamba linalindwa hivyo."

Neno "changu" lilimchoma Donatienne, kama kila mara. Akaendelea kusonga.

"Karatasi hii inaonyesha tu kwamba kanisa zima limekiona," Roshan alisema. "Hapa Kanada, ukishaonyesha watu ulichobuni, una mwaka mmoja wa kupeleka maombi. Ukipita, umekosa. Na wawili wakibuni kitu kilekile, hupewa aliyetangulia kupeleka."

"Zimebaki wiki tatu," Donatienne alisema. Aliuacha mwiko.

"Lakini watu wanatujua," Onesphore alinung'unika.

"Baba Joyeuse, zamani huko Marekani serikali iliwagawia walowezi ardhi kwa hati yenye mhuri, iliyoitwa patenti. Ilitaja mipaka: toka mto huu hadi mwaloni ule. Aliyebuni mashine naye alipewa hati ya jina hilohilo. Yake ilitaja mipaka ya wazo lake."

"Na wenye ardhi wa kwanza?" Donatienne aliuliza.

"Walikuwa na mashahidi tele. Hawakusikilizwa."

Onesphore aliiweka karatasi mezani. "Basi tuandike nini?"

"Kifaa kilivyo, kinavyofanya kazi, na kipi hasa ni kipya. Mchoro pia. Wakala wetu atawasaidia. Kisha jina la aliyekibuni."

"Onesphore," alijibu mwenyewe haraka.

"Wewe ndiye uliyekibuni?" Roshan aliuliza.

Onesphore alijikuna kichwa. "Mimi nilikipeleka kwa mchomeleaji. Lakini kwetu mali inaandikwa jina la baba."

"Patenti haiulizi nani baba. Inauliza nani alibuni. Mkidanganya, inaweza kufutwa."

Donatienne alizima jiko. Mwaka mzima alikuwa amelimeza jambo hili ili nyumba iwe na amani.

"Ni mimi," alisema.

Onesphore alimtazama mkewe, kisha sufuria, kisha mkewe tena.

"Ni yeye kabisa," alisema. "Mimi kazi yangu ni kula bugali."

Wote watatu wakacheka, na Donatienne akacheka kuliko wote.

Maombi yalifika kabla mwaka haujatimia. Patenti ilitolewa mwaka 1998. Ingemlinda kwa miaka ishirini tangu siku ya maombi. Baada ya hapo, yeyote angeweza kukitengeneza kifaa hicho. Kiwanda kidogo cha Pickering kiliomba ruhusa ya kutengeneza vifaa hivyo, na Donatienne ndiye aliyetia sahihi mkataba.

Jumapili iliyofuata mkataba huo, Onesphore aliomba nafasi ya kutangaza kanisani.

"Kile chuma niliwaambia ni changu," alisema. "Nilisema uongo. Mwenyewe yuko pale, benchi la tatu."

Vichwa vyote viligeuka. Donatienne alinyoosha kitenge chake, akasimama.